Kichocho: Adui Asiyeheshimu Sare

Katika soko la Mchesi, mjini Lilongwe, wateja hubishania bei ya samaki wa Ziwa Malawi, wakiwemo ndugu zetu wasemao Kiswahili watokao kambi ya Dzaleka. Ni wachache wakumbukao kwamba baadhi ya samaki wa ziwa hilo ni walinzi wetu. Adui wanayemzuia ni mnyoo bapa aletaye kichocho. Leo tungependa kumfichua mbele ya askari wa jeshi na wa polisi, kwa kuwa wajibu wao huwalazimu kuingia majini.

Majeshi yanamjua adui huyu tangu zamani. Mwaka 1915 Uingereza ilimtuma mtaalamu Robert Leiper nchini Misri kwa sababu ya hatari iliyowakabili askari wake. Huko alithibitisha kuwa mnyoo huyu hukua kwanza ndani ya konokono wa majini. Mkojo wa mgonjwa huingiza mayai majini. Viluwiluwi huanguliwa na kumwingia konokono. Baada ya majuma kadhaa hutoka wengine wasioonekana kwa macho, nao hupenya ngozi ya mtu kwa dakika chache tu.

Hadi katikati ya miaka ya 1980, fukwe zilizo wazi za kusini mwa Ziwa Malawi zilihesabiwa kuwa salama. Baadaye kichocho kiliongezeka huko Cape Maclear, na watafiti wakahusisha jambo hilo na kuvuliwa mno kwa samaki walao konokono. Kwa hiyo, askari anayesaidia kuzuia nyavu haramu hulinda pia afya ya raia, na yake mwenyewe.

Je, adui akishaingia mwilini hutambuliwaje? Dalili yake kuu ni damu katika mkojo. Hiyo si alama ya uanaume, wala si jambo la kuonewa haya. Wengine hawaoni dalili yoyote, huku kibofu kikiharibika hata kufikia saratani. Hapana budi kupimwa mkojo, na ufaao zaidi ni ule uliotolewa kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana.

Dawa yake ni prazikwanteli, ambayo mganga huipima kwa uzito wa mtu. Lakini dawa hii haiwaui vema minyoo wachanga. Ndiyo maana aliyeingia majini hushauriwa kutibiwa baada ya majuma sita hadi manane. Wala si ngao: anayerudi majini huweza kuambukizwa tena.

Maji ya kuoga yachemshwe, au yatekwe na kuwekwa siku mbili pasipo konokono ndani yake. Zaidi ya yote, choo kitumike, hata kambini porini. Askari akojoaye ziwani humpa adui silaha ya kuwapiga wenzake.