Seremala wa Nyumbani na Tundu la Mfuko



Katika toleo hili tunapenda kuzungumza na wale wanaopenda kutengeneza vitu vya mbao nyumbani kwao, jioni baada ya kazi au siku za mapumziko. Hatusemi na mafundi seremala waliofunzwa kazi hiyo. Wao wana maarifa yao. Tunasema na mwalimu, karani, dereva, na kijana wa sekondari ambaye ameazima keekee ya umeme ili amtengenezee mama yake rafu ya vyombo. Watu hao wamekuwa wengi. Ni jambo jema, maana mikono inayotengeneza hupumzisha akili. Ila baadhi yao huletwa kwetu hospitalini wakiwa wamezungusha kitambaa kwenye kidole au wamefumba jicho moja.

Zamani kuunganisha mbao mbili hakukuwa kazi ya kila mtu. Fundi alichonga ulimi kwenye mbao moja, akachimba tundu lake kwenye mbao ya pili kwa patasi, vikaingiana barabara. Kijana alikaa na fundi miaka miwili au mitatu kabla ya kuaminiwa kutengeneza kiti. Siku hizi ipo njia fupi iitwayo tundu la mfuko. Jina limetokana na umbo lake. Mbao hutobolewa kimshazari kwa upande wa nyuma, likabaki shimo refu la mviringo mfano wa mdomo wa mfuko wa shati. Skrubu huzamishwa humo, ikatokea kwenye ukingo wa mbao hiyo na kuingia katika mbao ya pili, ikazivuta pamoja na kuzikaza. Kwa mbele hakionekani kitu.

Mafundi wengine walijua kutoboa hivyo kwa kukadiria kwa jicho. Kilichobadili mambo ni kifaa kidogo cha kuongozea keekee, ambacho hubanwa kwenye mbao na kuielekeza ncha kwa pembe ya nyuzi 15 hivi, isiyumbe. Huko Marekani, katika jimbo la Iowa, Craig Sommerfeld alianzisha kampuni ya Kreg miaka ya 1980 akitengeneza vifaa vya namna hii, na tangu hapo vimeenea kwa watu wa kawaida. Mtu asiyejua kushika patasi anaweza kuunganisha fremu ya kabati kwa saa moja.

Hapo ndipo sisi wauguzi tunapoingia. Kijana aliyekaa na fundi miaka mitatu hakujifunza kuunganisha mbao tu. Alijifunza pia mahali pa kuweka mkono wa kushoto, na aliisikia sauti ya fundi kila alipokosea. Kifaa hiki kimeondoa miaka ile mitatu, lakini hatari za kazi zimebaki palepale.

Tuanze na mkono huo wa kushoto. Skrubu za kazi hii huchaguliwa kwa unene wa mbao. Mbao ya milimita 19 hutumia skrubu ya milimita 32. Mbao ya milimita 38 hutumia ya milimita 64. Pima mbao baada ya kuipiga randa, siyo kwa jina inaloitwa dukani, kwa sababu mbao ya inchi moja ikisharandwa huwa haifiki tena inchi. Ncha ya keekee nayo huvishwa pete ya chuma ili isizame kupita kiasi. Vipimo hivi tunavitaja kwa ajili ya kiganja. Skrubu ikiwa ndefu, au pete ikilegea na kusogea, chuma hutokea upande wa pili wa mbao, na upande huo ndipo wengi wanaposhikilia. Tumeosha viganja vilivyotobolewa namna hiyo, na mara nyingi mwenyewe husema, “Mama, nilikuwa nashikilia kidogo tu.” Usishikilie. Mbao zibanwe kwa klempu au kwenye jiriwa, na mikono yote miwili iwe upande wa keekee.

Glovu tunazisifu sana hospitalini, lakini hapa hazifai. Kitu kinachozunguka hunasa uzi wa glovu na kuvuta kidole kabla hujaachia swichi. Vivyo hivyo mikono mirefu ya shati, ncha ya kanga, nywele ndefu zilizoachiwa, na rozari iliyovaliwa shingoni. Kama keekee ni ya waya, usiitumie ukiwa pekupeku kwenye ua wenye maji.

Sasa jicho, na hapa tutakaa kidogo. Tundu la mfuko ni pana na refu kuliko tundu la kawaida. Sehemu yake nene ina upana wa milimita 9 na nusu hivi. Kwa hiyo hutoa machicha mengi ya mbao, nayo hujaa ndani ya kile kifaa. Mtu akiona yamejaa hufanya nini? Huinama na kuyapuliza kwa mdomo, uso ukiwa karibu kabisa. Yanarudi yote machoni. Tumia brashi ya zamani ya kupigia mswaki, tena keekee ikiwa imesimama. Na tangu mwanzo wa kazi vaa miwani ya kinga iliyozibwa pembeni. Miwani ya kusomea haitoshi, kwani huacha njia upande wa juu na kando.

Vumbi likiingia jichoni usisugue. Lala au inamisha kichwa upande wa jicho hilo, mtu mwingine amimine maji safi taratibu kutoka upande wa pua kuelekea nje, huku ukipepesa. Likitoka na jicho likatulia, basi. Likiendelea kuuma au kutoa machozi hadi kesho yake, njoo hospitali.

Lakini kama ncha ya keekee au kichwa cha skrubu kimekatika na kipande kikaruka jichoni, mambo ni tofauti. Ukiona damu ndani ya jicho, au mboni imebadilika umbo, au mgonjwa anaona ukungu, usioshe, usikandamize, wala usijaribu kuchomoa kitu. Funika jicho kwa kikombe cha plastiki kisichogusa jicho, kifunge kwa kitambaa, mlete siku hiyohiyo. Tunasikitika kusema kwamba wengi hupitia kwanza kwenye majani ya kukamua, maziwa ya mama anayenyonyesha, au chupa ya dawa ya macho iliyobaki kwa jirani. Majani na maziwa huingiza vijidudu kwenye kidonda. Dawa ya jirani inaweza kuwa ya aina inayozima wekundu huku ugonjwa ukiendelea kula jicho ndani. Mgonjwa akifika siku ya tano, daktari huwa na machache ya kufanya.

Vumbi lina habari nyingine pia. Machicha ya keekee ni makubwa na huanguka chini. Linalotusumbua zaidi ni lile laini la msasa, ambalo halionekani hewani lakini hufika ndani ya mapafu. Miaka ya 1960 madaktari wa Uingereza walitambua kwamba saratani ya ndani ya pua, ugonjwa ulio adimu, iliwapata watengeneza samani wa eneo la High Wycombe kuliko watu wengine. Mwaka 1995 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, liliweka vumbi la mbao kwenye kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Msiogope kupita kiasi: wale walivuta vumbi kila siku kwa miaka mingi, nawe watengeneza rafu mara moja kwa mwezi. Ila pumu na mwasho wa ngozi havingojei miaka mingi. Mvule unajulikana kwa kuwasha ngozi na kubana kifua, na mninga, mpingo na mtiki huwasumbua baadhi ya watu. Wako wanaopiga chafya kwa mbao moja na wasidhurike na nyingine, kwa hiyo chunguza mwili wako.

Piga msasa nje, upepo ukitokea mgongoni mwako, mbali na jikoni na mbali na mtoto mwenye pumu. Leso iliyofungwa puani haizuii vumbi laini. Barakoa za N95 au FFP2, ambazo wengi walizifahamu wakati wa korona, huzuia. Ukimaliza usifagie pakavu. Nyunyizia maji kwanza au futa kwa kitambaa chenye unyevu. Mbao za kiwandani za MDF zina gundi yenye kemikali iitwayo fomaldehaidi, hivyo vumbi lake tuliogope zaidi. Na mabaki ya mbao zilizotiwa dawa ya mchwa, zile zenye rangi ya kijani, yasipelekwe jikoni kuwa kuni. Nyingi zimetiwa aseniki, ambayo ni sumu, nayo hubaki ndani ya moshi na majivu.

Ukikatwa, kandamiza kidonda kwa kitambaa safi dakika 10 bila kufunua-funua, mkono ukiwa juu ya kifua. Kisha osha kwa maji mengi na sabuni. Tundu la skrubu huonekana dogo, lakini ni refu na hewa haifiki ndani, na huko ndiko vijidudu vya pepopunda hupenda kukaa. Akina mama wengi wamechanjwa pepopunda kliniki wakati wa ujauzito. Akina baba, ambao ndio washika keekee wengi, pengine walichanjwa walipokuwa watoto, na kadi haipo. Kwa kidonda kichafu tunataka chanjo iwe haijazidi miaka 5. Kama hukumbuki ya mwisho, njoo uchanjwe, na umalize dozi zote utakazopangiwa.

Jambo moja ambalo watu hawalihesabu kuwa la afya ni uimara wa kitu chenyewe. Tundu la mfuko linafaa sana kwa fremu, rafu, kabati na uso wa meza, yaani vitu vinavyokaa bila kutikiswa. Kiti hutikiswa kila siku, skrubu hulegea polepole ndani ya mbao, na atakayekuwa amekalia siku miguu inapoachia huenda akawa bibi. Mzee kuvunjika nyonga ni jambo zito. Anayetaka kutengeneza kiti apake gundi ya mbao kwenye kila kiungo na kuunga miguu kwa vipingo, au amwachie seremala kazi hiyo. Kwa paina na saipresi chagua skrubu zenye uzi mpana; kwa mninga na mkongo, zenye uzi mwembamba.

Kwa anayeanza, tunapendekeza kabati dogo la dawa. Mbao za milimita 19, upana kama sentimita 40, urefu 50, matundu mawili ya mfuko kila pembe, yote yakitazama nyuma ukutani yasionekane. Watoto wanaoletwa kwetu kwa kumeza vidonge vya shinikizo la damu vya babu huwa wamevikuta juu ya meza au ndani ya mkoba. Mafuta ya taa yasiwekwe kwenye kabati hilo wala kwenye chupa ya soda. Na mtoto aliyeyanywa asitapishwe, aletwe hospitali mara moja. Kabati lifungwe ukutani kwa skrubu zinazoingia kwenye mti au tofali, juu kuliko mtoto anayeweza kufika akipanda kiti. Litiwe kitasa, na ufunguo usiachwe ukining'inia humo.