Kikomo, Mnyambuo na Jumla: Kiswahili katika Ufafanuzi wa Kalkulasi ya Mwanzo kwa Kidato cha Tano na cha Sita

Ikisiri

Kalkulasi ni miongoni mwa mada nzito za hisabati ya kidato cha tano na cha sita nchini Tanzania, ambako Kiingereza ndicho lugha rasmi ya kufundishia na kutahini. Makala haya yanachunguza dhana tatu za mwanzo za taaluma hiyo, yaani kikomo, mnyambuo na jumla endelevu, kwa kuzitazama kama suala la lugha. Hoja kuu ni kwamba ugumu wa dhana hizo umo katika sentensi zinazozifafanua kuliko katika istilahi zinazozitaja, na kwamba sarufi ya Kiswahili ina nyenzo za kutosha za kuunda sentensi hizo. Makala yanahitimisha kwa kupendekeza kuwa kazi ya uundaji istilahi za hisabati iambatane na uundaji wa sentensi kielelezo.

1.0 Utangulizi

Jina la kalkulasi linatokana na neno la Kilatini lenye maana ya kijiwe kidogo, kwa kuwa watu wa kale walihesabu kwa vijiwe. Taaluma yenyewe iliundwa katika karne ya 17 na Isaac Newton wa Uingereza na Gottfried Leibniz wa Ujerumani, kila mmoja kwa njia yake. Leibniz alichapisha makala yake ya kwanza kuhusu mbinu hiyo mwaka 1684. Mbinu ilitoa majibu sahihi, lakini maelezo yake yalisumbua kwa muda mrefu. Mwaka 1734 George Berkeley aliwashutumu wanahisabati kwa kutumia kiasi kidogo ambacho mara kilikuwa kitu, mara kilikuwa si kitu. Maelezo yaliyokubalika yalikuja katika karne ya 19, hasa kupitia kazi za Augustin-Louis Cauchy na Karl Weierstrass. Kwa maneno mengine, wanahisabati walijua kukokotoa zaidi ya miaka 100 kabla ya kupata sentensi ya kueleza barabara walichokuwa wakikifanya.

Historia hiyo inafanana na hali ya mwanafunzi wa leo. Mwanafunzi aliyetoka shule ya msingi ya umma alijifunza kujumlisha, kugawanya na kutafuta eneo kwa Kiswahili. Alipoingia sekondari, somo hilohilo lilihamia katika Kiingereza. Anapofika kidato cha tano, anaweza kukariri kanuni ya kutoka x² kwenda 2x na kuitumia bila kosa, huku akishindwa kusema hiyo 2x inaeleza nini kuhusu x². Mwingine anaielewa dhana lakini anakosa sentensi ya Kiingereza ya kuiandika katika mtihani. Katika hali zote mbili, alama zinazopotea zinahesabiwa kuwa za hisabati, ingawa upungufu huenda ni wa lugha.

Jitihada za kukipa Kiswahili istilahi za sayansi si ngeni. Mwaka 1990 Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilichapisha Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia. Kazi za aina hiyo huorodhesha nomino na visawe vyake. Sehemu zinazofuata zinaonesha kwa nini orodha ya nomino, hata ikiwa nzuri, haitoshi kwa kalkulasi.

2.0 Kikomo: Kutoka Nomino hadi Kishazi

Dhana ya msingi ya kalkulasi hutajwa kwa Kiswahili kama kikomo. Nomino hii imeundwa kwa kitenzi koma, na matumizi yake ya kawaida yanabeba wazo la kusimama: kikomo cha safari, ukomo wa uongozi. Neno mpaka, ambalo nalo lingeweza kupendekezwa, linabeba wazo la mstari usiovukwa. Maana zote mbili zinaweza kumpotosha mwanafunzi. Sine ya x ikigawanywa kwa x hukaribia 0 kadiri x inavyokua, lakini njiani huivuka 0 mara zisizo na idadi. Funksheni isiyobadilika, ambayo thamani yake ni 5 popote, imekwisha kufika kwenye kikomo chake tangu mwanzo. Hivyo kikomo cha kihisabati kinaweza kufikiwa au kutofikiwa, kuvukwa au kutovukwa. Kinachodaiwa ni kukaribiwa kwa kiwango chochote kitakachotakiwa.

Katika uundaji istilahi, wazo hilo lingeweza kubebwa na umbo kikaribiwa, kwa kufuata ruwaza ambayo wanaisimu wameizoea katika kirejelewa na kiashiriwa. Umbo hilo ni angavu, kwa kuwa kauli ya kutendwa inaonesha kuwa kuna kitu kingine kinachofanya kitendo cha kukaribia. Hata hivyo, kikomo limekwisha kuzoeleka, na kulibadilisha si lazima iwapo sentensi inayolizunguka imeundwa vizuri.

Uzito wa sentensi unaonekana katika mfano wa kawaida wa darasani. Chukua funksheni f(x) = (x² − 4)/(x − 2). Pale x inapokuwa 2, asili ni 0, na funksheni haina thamani. Lakini x ikiwa 1.9, thamani ni 3.9, ikiwa 1.99, ni 3.99, ikiwa 2.01, ni 4.01. Kiswahili kinatofautisha hali hizi mbili kwa mofimu ndogo na uteuzi wa kitenzi:

(a) x inapokuwa 2, f(x) haina thamani.
(b) x inapokaribia 2, f(x) inakaribia 4.

Kirejeshi -po- kinafungua hali ya wakati au sharti katika sentensi zote mbili, na kitenzi ndicho kinachotenganisha kuwa na kukaribia. Uhusiano wenyewe unajitokeza zaidi katika muundo wa kadiri … ndivyo: “Kadiri x inavyozidi kuikaribia 2, ndivyo f(x) inavyozidi kuikaribia 4.” Muundo huu, unaotumia kirejeshi cha namna -vyo- katika vishazi vyote viwili, ni wa kawaida hata katika mazungumzo ya sokoni. Mwanafunzi anayeufahamu tayari ana umbo la kisarufi la fikra ya kikomo.

3.0 Kila na Kuna: Suala la Mpangilio

Muundo wa kadiri … ndivyo unatoa picha, lakini hautoi uthibitisho. Kitu kinaweza kuzidi kukaribia kingine bila kukifikilia kwa kiwango chochote: thamani inayoshuka kuelekea 4 inazidi pia kuikaribia 3, ingawa 3 si kikomo chake. Ufafanuzi wa karne ya 19 uliondoa utata huo kwa kutumia maneno mawili, kila na kuna, kwa mpangilio maalumu.

Chukua f(x) = 2x + 1 karibu na x = 3, ambapo kikomo ni 7. Tofauti kati ya f(x) na 7 daima ni mara mbili ya tofauti kati ya x na 3. Akitokea mtu anayetaka f(x) iwe ndani ya 0.1 ya 7, inatosha x iwe ndani ya 0.05 ya 3. Akitaka iwe ndani ya 0.01, inatosha x iwe ndani ya 0.005. Linganisha sasa:

(c) Kwa kila ukaribu unaotakiwa upande wa f(x), kuna ukaribu upande wa x unaoutosheleza.
(d) Kuna ukaribu upande wa x unaotosheleza kila ukaribu unaotakiwa upande wa f(x).

Sentensi (c) ni ya kweli, na ndiyo maana ya kikomo. Sentensi (d) si ya kweli hapa, kwa kuwa ukaribu wa 0.05 uliotosha mwanzo hautoshi pale masharti yanapokazwa. Tofauti haimo katika msamiati, bali katika neno linalotangulia. Wanaisimu wanakijua kipengele hiki kutokana na sentensi kama “Kila mwanafunzi alisoma kitabu kimoja”, ambayo inaruhusu kitabu kilekile kwa wote au vitabu tofauti. Lugha ya kila siku huvumilia utata huo; hisabati haiwezi. Mwanafunzi aliyezoezwa kuuona utata katika Kiswahili anao msingi wa kuisoma sentensi ya aina hiyo katika lugha yoyote.

4.0 Mnyambuo: Istilahi Moja, Taaluma Mbili

Basi likitembea kilomita 180 kwa saa 3, kasi yake ya wastani ni kilomita 60 kwa saa. Kipimo cha kasi mbele ya dereva, hata hivyo, hakioneshi wastani huo. Kinaonesha kasi ya papo kwa papo. Swali la msingi la kalkulasi ni namna ya kuihesabu kasi ya papo kwa papo ilhali katika papo moja basi halisogei umbali wowote.

Jibu hupatikana kwa kikomo. Kwa x², mabadiliko kutoka x = 3 hadi 3 + h yakigawanywa kwa h hutoa 6 + h. Pale h ni 1, jibu ni 7. H ikiwa 0.1, ni 6.1, ikiwa 0.01, ni 6.01. Kadiri h inavyoikaribia 0, ndivyo jibu linavyoikaribia 6, ambayo ni thamani ya 2x pale x ni 3. Pingamizi la Berkeley linajibiwa hapa: hakuna anayegawanya kwa 0, kwa kuwa h inaikaribia 0 bila kuwa 0.

Kwa funksheni hiyo mpya, 2x, inafaa kupendekeza istilahi mnyambuo. Wanaisimu wa Kiswahili wanalitumia neno la mzizi huo kwa uundaji wa vitenzi kutokana na vitenzi, kama pika, pikia, pikisha. Kiarabu nacho hutumia ishtiqaq kwa unyambuaji wa maneno na kwa tendo hili la kalkulasi pia. Mlingano una mantiki: kitenzi huzaa kitenzi, funksheni huzaa funksheni, na tendo linaweza kurudiwa. Una mipaka yake vilevile. Mnyambuliko wa kitenzi hurefusha umbo, lakini x³ hutoa 3x², kisha 6x, kisha 6, na mwisho 0. Mwalimu anayelitumia neno hili hana budi kuutaja mpaka huo.

Darasani, pengo la istilahi hujazwa kwa mseto, kama vile “ukidiferenshieti hii unapata mbili eksi”. Kimofolojia sentensi hiyo ni ya Kiswahili: nafsi, hali ya -ki- na mpangilio vyote ni vyake. Mzizi pekee ndio wa kigeni. Inadhihirisha kwamba hata pale Kiingereza kinapotoa istilahi, Kiswahili ndicho kinachobeba hoja.

5.0 Jumla Endelevu

Tatizo la pili la kalkulasi ni eneo lililo chini ya mchirizo. Kwa x² kati ya 0 na 1, eneo likikatwa katika vipande 10 vya upana sawa, mistatili iliyo chini ya mchirizo ina jumla ya 0.285, na inayoupita ina jumla ya 0.385. Kwa vipande 100, jumla hizo ni 0.32835 na 0.33835. Eneo halisi, theluthi moja, limebanwa katikati. Alama ya Leibniz kwa tendo hili ni herufi S iliyorefushwa, kutokana na neno la Kilatini lenye maana ya jumla. Hivyo istilahi jumla endelevu inarejea kwenye asili ya dhana.

Kiarabu kimepita njia nyingine: kalkulasi huitwa tafadhul na takamul. Mizizi hiyo si migeni kwa Kiswahili, kwani wa kwanza umo katika fadhila na afadhali, na wa pili katika kamili na ukamilifu. Afadhali hulinganisha vitu viwili, na tofauti kati ya thamani mbili ndiyo chanzo cha mnyambuo. Ukamilishaji nao ungeweza kushindana na jumla endelevu, ila mzungumzaji wa leo angeuelewa kama kumaliza jambo. Kwa mwanafunzi anayeanza, jumla humwelekeza kwenye kitendo anachokifanya.

6.0 Hitimisho

Uchunguzi huu umeonesha kuwa dhana za mwanzo za kalkulasi hutegemea kirejeshi, mlinganisho wa kadiri na ndivyo, na mpangilio wa kila na kuna. Vyote hivyo mwanafunzi anavyo kabla ya kuingia kidato cha tano. Wakati mtihani unabaki katika Kiingereza, mwalimu anaweza kuanza na sentensi (a) hadi (d) kwa Kiswahili, kisha kuzioanisha na sentensi za mtihani, moja baada ya moja. Kwa waundaji wa istilahi, kila kidahizo cha hisabati kiambatane na sentensi kielelezo inayoonesha kitenzi, kirejeshi na upatanisho wake. Bila sentensi hizo, mwanafunzi atapewa neno kikomo na kuachwa akidhani kwamba ni mahali pa kusimama.