Herufi ya Karatasini, Neno la Mhariri

Katika miswada mingi ya kale ya Kiswahili iliyoandikwa kwa herufi za Kiarabu, herufi mbili za be zenye fataha (alama ya irabu a) huweza kusomwa baba, papa, bamba au pamba. Be ilibeba b, p na hata mb. Kasra ilitosha kwa i na e, dhumma kwa u na o. Aliyeuzoea utenzi alichagua kwa kufuata maana na vina. Anayeuingiza utenzi huo kwenye kompyuta naye hana budi kuchagua.

Tatizo huanza akiandika "pamba" na kuishia hapo. Atakayeshuku kwamba ni "bamba" haoni tena be iliyozaa mashaka. Itambidi aufungue upya muswada wenyewe, pengine katika maktaba ya SOAS, London.

Dawa yake ni kutenga matabaka mawili. TEI, mradi wa kanuni za usimbaji wa matini ulioanza 1987, tangu 2011 unaruhusu faili moja kuyabeba yote. Tabaka la hati hueleza ukurasa, mistari, herufi, mifuto na nyongeza za pambizoni. Tabaka la matini hueleza beti, vipande, maneno na majina ya watu. Wahariri wa toleo la kidijitali la Faust ya Goethe walikwenda mbali zaidi, wakatayarisha nakala mbili kamili. Sababu mojawapo ya utengano huu ni ya kiufundi: XML, lugha ya usimbaji inayotumiwa na TEI, hutaka kila kitu kikae kizima ndani ya kingine, ilhali mstari wa karatasini unaweza kuishia katikati ya kipande cha shairi.

Mpaka wenyewe uko wapi? Hata kuamua kama doa ni nukta au wino uliodondoka ni hukumu. Kipimo ninachopendekeza ni hiki: alama ambayo mtu ajuaye herufi za Kiarabu bila kujua Kiswahili angeweza kuiweka, ni ya hati. Inayohitaji Kiswahili, ni ya matini.

Kila usomaji katika tabaka la pili uandikiwe jina la aliyeusoma na kiasi cha uhakika wake. Kanuni za TEI zina nafasi ya yote mawili. Hapo wahariri wawili wanaweza kubishana juu ya pamba na bamba ndani ya faili moja, na be zikabaki vilevile mwandishi alivyoziandika.