Damu ya ateri au ya vena? Kwa nini mgonjwa wa ICU huchomwa sindano mara mbili

Mgonjwa ameingizwa ICU akihema kwa shida. Damu imeshachukuliwa kwenye mkunjo wa kiwiko, lakini baada ya muda daktari anarudi na sindano nyingine. Safari hii anachoma karibu na kiganja, pale pale mtu anapopimwa mapigo ya moyo. Mgonjwa anakunja uso kwa maumivu. Ndugu wanaulizana: kwani damu si ni ile ile?

Hapana, si ile ile.

Njia mbili, kazi mbili

Ateri hutoa damu moyoni ikiwa imetoka kuchukua oksijeni kwenye mapafu. Vena huirudisha baada ya mwili kutumia sehemu ya oksijeni hiyo na kuingiza hewa chafu ya kabonidayoksaidi.

Kipimo cha gesi za damu hutazama zaidi mambo matatu: tindikali ya damu, yaani pH, kabonidayoksaidi na oksijeni. Majibu hutoka ndani ya dakika chache.

Shida ni kwamba ateri iko ndani zaidi na inauma. Pia damu inaweza kuvilia chini ya ngozi, na mara chache sana mshipa huziba. Ndiyo maana madaktari hujiuliza kwanza: je, damu ya vena haitoshi?

Pale vena inapotosha

Kwa tindikali, mara nyingi inatosha. pH ya kawaida ya ateri ni 7.35 hadi 7.45, na ya vena huwa chini kidogo tu, kwa takriban 0.03. Ndiyo maana kwa mgonjwa wa kisukari ambaye damu yake imejaa tindikali, mwongozo wa Uingereza unakubali damu ya vena. Mgonjwa huyo hupimwa tena na tena, hivyo anaepushwa maumivu mengi.

Kwa kabonidayoksaidi, tahadhari inahitajika. Kwa wastani ya vena huzidi ya ateri kwa milimita 4 hadi 6 za zebaki, lakini kwa mgonjwa mmoja mmoja tofauti inaweza kuwa kubwa zaidi. Kipimo cha vena kikiwa chini ya 45, daktari anaweza kuwa na uhakika mkubwa kwamba hewa hiyo haijajazana mwilini. Kikizidi hapo, hawezi kukisia. Anarudi kwenye ateri.

Pale vena inapodanganya

Kwa oksijeni, vena haifai kabisa. Ateri ya mtu mzima mwenye afya huonyesha 80 hadi 100, wakati vena huwa karibu 40. Namba hiyo ya pili haisemi kama mapafu yanafanya kazi au la.

Basi si kuna kile kifaa cha kubana kidoleni? Kinasaidia sana, ila nacho kina mipaka. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2020 ulionyesha kuwa kifaa hicho kilishindwa kugundua upungufu wa oksijeni kwa wagonjwa weusi karibu mara tatu zaidi ya ilivyokuwa kwa weupe. Namba za kidoleni zikionekana nzuri huku mgonjwa anahangaika kupumua, ateri ndiyo inayoamua.

Zikisomwa pamoja

Kwa mgonjwa aliyeshuka presha vibaya, damu hupita taratibu na kabonidayoksaidi hujikusanya upande wa vena. Hapo ateri inaweza kuonyesha namba za kuridhisha huku viungo vinakosa damu ya kutosha. Madaktari hulinganisha damu ya ateri na ile ya vena kubwa karibu na moyo. Tofauti ya kabonidayoksaidi ikizidi 6, ni dalili kwamba huenda mzunguko wa damu hautoshi.

Kwa hiyo sindano ya pili si uzembe wala kurudia kazi. Ndugu wana haki ya kuuliza, "Daktari, hapa mnatafuta nini?" Kama ni tindikali tu, pengine vena itatosha. Kama ni oksijeni, ateri haikwepeki. Na mgonjwa anayehitaji vipimo vingi anaweza kuwekewa mrija mwembamba ndani ya ateri, ili damu ichukuliwe hapo bila kumchoma kila mara.