Sindano, Mkono na Sarafu: Kwa Nini Santuri Yako Inaruka

Hebu fikiria umerithi santuri za babu: taarab, rumba, dansi la miaka ya 70. Nyingine hazijawahi kuchapishwa tena, kwa hiyo nakala hiyo ikiharibika, ndiyo basi. Unaiweka kwenye gramafoni, sindano inaruka. Mjomba anakuambia, "Weka sarafu juu ya kichwa cha mkono, itatulia." Na kweli, mara nyingi inatulia! Lakini usiweke. Tuone kwa nini, na njiani tugusie ubishi mkubwa wa wapenzi wa santuri: mota izungushe sahani moja kwa moja, au kupitia mkanda?

Tuanze na mota

LP inazunguka mara 33⅓ kwa dakika, yaani mzunguko mmoja kila sekunde 1.8. Mota nyingi hukimbia zaidi ya hapo, ndiyo maana zikafungwa mkanda wa kupunguza mwendo. Tatizo ni kwamba mkanda hulegea. Mwaka 1970 kampuni ya Matsushita ya Japani, ambayo leo ni Panasonic, ilitoa Technics SP-10: mota inayozunguka polepole, sahani ikiwa imekaa moja kwa moja juu ya mhimili wake. SL-1200 ikafuata mwaka 1972. Toleo lake la MK2 la 1979 likawa kipenzi cha madijei, kwa sababu sahani inafikia mwendo kamili ndani ya sekunde 0.7.

Wakosoaji nao walikuwa na hoja. Zungusha dinamo ya baiskeli kwa vidole: utahisi inakwama-kwama, kwa sababu sumaku inavutana na chuma kilichomo ndani. Mota yenye chuma katikati ya koili inaweza kuwa na tabia hiyohiyo, na mwendo ukatetemeka kidogo sana. SL-1200 iliacha kutengenezwa mwaka 2010, na iliporudi mwaka 2016 kwa jina la SL-1200G, koili za mota yake mpya hazikuwa na chuma hicho. Chuma hakipo, mkwamo haupo.

Maoni yetu basi: kwa mashine ya kisasa iliyotengenezwa vizuri, ubishi wa mota umepoa. Kazi iliyobaki ni yako, na iko kwenye mkono.

Pembe ya sindano

Mashine iliyochonga santuri ya kwanza kiwandani ilisogea kwa mstari ulionyooka kuelekea katikati. Mkono wa gramafoni yako haufanyi hivyo. Umeegemea sehemu moja, kwa hiyo sindano inachora tao, kama mlango unavyofunguka. Ndiyo maana mkono umepindwa, na urefu wake unaruhusu sindano ipite kidogo kitovu cha sahani. Kwenye SL-1200 ni milimita 15. Hesabu za jambo hili zilichapishwa na Erik Löfgren wa Sweden mwaka 1938. Matokeo yake: pembe inakuwa sahihi kabisa sehemu mbili tu za santuri. Kwingine kote kuna kosa dogo.

Sasa sehemu hizo mbili ziwekwe wapi? Hapa ndipo watu wanapogawanyika. Mwanzoni mwa LP, mfereji unapita chini ya sindano kwa kasi ya karibu nusu mita kwa sekunde. Mwishoni ni karibu mita 0.2 tu. Sauti ileile imebanwa kwenye nafasi ndogo, hivyo kosa la pembe linaumiza zaidi. Kipimo cha kiwanda cha Technics huweka sehemu moja sahihi karibu na mwisho wa santuri. Vipimo vingine husambaza kosa kwa usawa zaidi. Vyote vina mantiki. Chagua kimoja ukifuate, usikisie kwa macho.

Uzito, na ile sarafu

Weka kizuia-mvuto cha pembeni kwenye sifuri. Zungusha uzito wa nyuma mpaka mkono uelee wenyewe, haupandi wala haushuki. Hapo weka pete ya namba kwenye sifuri, kisha ongeza hadi uzito ulioandikwa kwenye karatasi ya katriji yako. Mara nyingi ni gramu 1.5 hadi 2. Mwisho, rudisha kizuia-mvuto kwenye namba hiyohiyo, maana msuguano huvuta mkono kuelekea katikati.

Sarafu ina gramu kadhaa. Ukiibandika, unaweza kuzidisha uzito mara mbili au tatu, na wote unabebwa na ncha ambayo macho hayaioni vizuri. Kuta za mfereji zinasagika.

Wengine hukosea upande wa pili: wanapunguza uzito "ili kuihurumia santuri". Ni hatari vilevile! Sauti ikipanda, sindano nyepesi mno inaachia ukuta, inarudi kwa kishindo na kuuchimba.

Kwa hiyo ikiruka, futa vumbi kwanza, kagua sindano kama imechakaa, hakikisha meza iko sawa, kisha pima uzito upya. Ni kazi ya dakika kumi hivi. Mfereji ukishachimbika hakuna fundi wa kuurudisha, na sauti iliyokuwemo imekwenda. Sarafu mrudishie mjomba.