Samaki jike anavyogeuka dume

Msikilizaji, huenda umewahi kula samaki aliyezaliwa jike akavuliwa akiwa dume. Chewa na pono wengi ndivyo walivyo.

Kinachowageuza ni homoni, kemikali zinazosafiri na damu. Lakini homoni hufanya kazi penye vipokezi vyake tu, kama vile katika ubongo na viungo vya uzazi. Pasipo na vipokezi ni kama redio isiyo na antena: ujumbe hupita bila kunaswa.

Ubongo hutangulia. Kwa samaki wasafishaji wa miambani, dume akitoweka, jike mkubwa huanza kutawala wenzake ndani ya saa chache. Mbegu za kiume hufuata baada ya wiki mbili hivi.

Chewa hukua polepole zaidi. Tukiwamaliza wakubwa, madume huadimika na mayai hukosa wa kuyarutubisha.