MTAMBO WA MKONGE HAUMNGOJI MTU

Msafiri atokaye Mombasa kwenda Malindi, akiisha kupita Mtwapa, huyaona mashamba ya mkonge ya Vipingo yamepangwa mistari mirefu kama daftari la hesabu, hata macho yachoke. Wengi wetu twaujua mkonge kwa kuutazama hivyo tu, dirishani mwa gari. Wachache wameingia katika nyumba ya mashine, mahali ambapo jani bichi huwa nyuzi, na ambapo mikono ya watu hufanya kazi karibu mno na chuma kinachozunguka.

Mmea wenyewe ni mgeni kwetu. Mwaka 1893 Mjerumani mmoja, Dkt. Richard Hindorf, aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, Marekani, ije katika nchi ambayo baadaye iliitwa Tanganyika. Iliyofika hai ilikuwa 62 tu. Katika hiyo ndimo yalimotoka mashamba makubwa ya Tanga, kisha mkonge ukavuka kuja Kenya, na huku pwani ukapata ardhi kavu iliyoufaa.

Mimi ni karani wa Serikali, na kwa miaka kadhaa nimekuwa nikipokea fomu za ajali za kazini. Nataka kusimulia habari ya fomu moja. Lakini kwanza yafaa msomaji aujue mtambo, maana asiyeujua hudhani kwamba aliyeumia alikuwa mzembe.

Jani la mkonge ni karibu maji matupu. Katika kilo 100 za majani hupatikana kama kilo 4 tu za nyuzi kavu. Iliyobaki ni maji na nyama ya jani. Tena jani likiisha kukatwa halitaki kukaa, kwa kuwa likinyauka nyama hushikamana na nyuzi, na kulisafisha huwa taabu. Kwa hiyo mafungu hufika kwa haraka kutoka shambani, hufunguliwa mezani, na wafanyakazi huyatandaza majani sawasawa juu ya mnyororo unaokwenda. Mnyororo huyapeleka mahali pa kubanwa, nayo hubanwa katikati na kupitishwa penye pipa kubwa la chuma lenye mabamba butu. Pipa hilo huzunguka kwa kasi, na mabamba yake huiparua nyama ya upande mmoja wa jani huku maji yakimwagika daima. Kisha jani hubanwa upya penye nyuzi zilizokwisha safishwa, likapelekwa kwenye pipa la pili limalize upande uliobaki. Hutoka upande wa pili likiwa shungi la nyuzi nyeupe zenye rangi kidogo ya kijani, tayari kuanikwa juani.

Basi tazama hatari ilipo. Haipo sana penye pipa lenyewe, kwa sababu pipa hufunikwa, na kelele zake humtisha kila mtu. Ipo mezani, pale mnyororo unapoanza kubana. Jani moja hukaa mshazari, jingine hupanda juu yake, na mtandazaji mwenye moyo wa kazi hunyosha mkono alisawazishe. Mara mia hulisawazisha salama. Mnyororo haujui kutofautisha jani na kidole, na ukiisha kushika hauachi.

Hatari ya pili ni kubwa kuliko hiyo, nayo ni wakati wa kuziba. Makapi yakijaa, mtambo hukwama. Msimamizi hutazama saa, trekta la majani linangoja nje, na mtu huzima swichi akaingiza mkono mara moja. Lakini pipa zito likizimwa halisimami papo hapo. Huendelea kuzunguka kwa nguvu iliyomo ndani yake. Na hata likisimama kabisa, mtu aliye upande wa pili, asiyemwona mwenzake, aweza kuwasha tena kwa nia njema kabisa. Ndiyo sababu viwanda vilivyo na mpango mzuri hutumia kufuli: anayetaka kuzibua huzima umeme, hufunga swichi kwa kufuli yake mwenyewe, na ufunguo hukaa mfukoni mwake hata amalize. Wakiingia watu watatu, huwa kufuli tatu. Ni jambo dogo la bei ya nauli, nami sijaona udhuru wa maana wa kulikosa.

Mavazi nayo ni habari kubwa kwetu watu wa pwani. Kikoi kilichofungwa kiunoni, leso iliyoning'inia, mikono mipana ya kanzu, vyote ni kamba anayojifunga mtu mwenyewe. Glavu zafaa kwa kubeba majani, maana utomvu wake huwasha ngozi na miiba yake huchoma. Bali karibu na mnyororo unaobana, glavu pana yaweza kuuvuta mkono mzima mahali ambapo kidole kitupu kingepona.

Nyuzi zikikauka hupelekwa penye brashi, kisha hushindiliwa kuwa marobota ya kilo 250. Huko adui ni vumbi. Huingia kifuani, na likitanda juu ya mataa na injini hushika moto upesi. Wenzetu wa viwanda vya mbao za kushindiliwa, hizi tununuazo zikiwa makabati, walijifunza hayo kwa gharama kubwa. Katika viwanda vyao vikubwa unga wa mti uliotiwa gundi hutandazwa kama mkeka na kupita kati ya mikanda miwili ya chuma yenye moto unaofika nyuzi 200, mchana na usiku bila kusimama, na sheria yao ya kwanza ni kwamba mkono wa mtu haukaribii pale mkeka unapoingia. Kuhusu vumbi, tarehe 17 Julai 2015 kinu cha unga wa mbao cha Bosley, Uingereza, kililipuka na watu 4 wakafa.

Hapa Kenya tulikuwa na sheria ya viwanda tangu mwaka 1950, na mahali pake pakachukuliwa na Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007. Yasema kwamba sehemu za mashine zinazokwenda lazima zikingwe. Mahali penye wafanyakazi 20 au zaidi pawe na kamati ya usalama. Na mfanyakazi akiona hatari kubwa amwarifu msimamizi wake, wala asilazimishwe kurudi penye hatari hiyo kabla haijaondolewa. Kifungu hiki cha mwisho ndicho wasichokijua wengi. Nimewaulizia watu kumi dirishani kwangu, mmoja tu alikuwa amekisikia. Sheria ya fidia, nayo ya mwaka 2007, yataka dai liletwe kabla ya miezi 12 kupita tangu siku ya ajali.

Sasa ile fomu. Bwana mmoja wa upande wa Ganze alikuwa mtandazaji katika kiwanda kilicho mbali na kwao, ambacho sitakitaja. Mtambo ulikwama, akaingiza mkono wa kuume, mwenzake akawasha. Alipotoka hospitali alirudi nyumbani na vidole vitatu pungufu, akakaa kimya akilima mihogo kwa mkono mmoja, kwa kuwa aliambiwa kosa lilikuwa lake.

Nilimwuliza, "Mzee wangu, mbona umechelewa hivi?"

Akajibu, "Mwanangu, niliona haya. Mtu hushitaki aliyemwonea. Nami mkono niliuingiza mwenyewe."

Nilihesabu tarehe mara mbili. Ulikuwa mwezi wa kumi na moja. Nilimweleza kwamba fomu haiulizi haya, yauliza siku, mahali na jeraha. Akaiandika sahihi yake kwa mkono wa kushoto, herufi moja moja, nami nikaishika karatasi isiteleze.